Ripita Kwenye Kona ya Wazee

Jumatatu, 8 Julai

Intaneti imekatika tena! Mara ya tatu leo. Mteja wa Ufaransa, bibi mmoja mpole, friji yake imekufa na kwao sasa ni joto. Nilikuwa namwelekeza kitufe cha kubonyeza. Sauti ikaingia chenga, kisha kimya. Sijui kama alikipata.

Bi Sahondra, msimamizi wangu, kapiga simu baadaye. Hakufoka. Afadhali angefoka. Ijumaa ya tarehe 19, saa tatu asubuhi, nitafanyiwa jaribio: dakika mia na ishirini, simu baada ya simu, na wao wanasikiliza. Ikikatika hata mara moja, kupokea simu nikiwa nyumbani basi. Nirudi kwenye ukumbi wa simu wa kampuni.

Ukumbi! Uko upande wa pili wa Antananarivo. Foleni kwenda, foleni kurudi. Nilikuwa huko Februari, siku Mama alipoanguka. Alilala sakafuni tangu saa nne asubuhi mpaka niliporudi jioni. Kaka Lahatra alikuwa chini yake kabisa, ghorofa ya chini, na televisheni yake. Hakusikia. Simlaumu.

Namlaumu.

Basi niandike hapa ili nisijisahau: ukumbini sirudi, na kazi siachi.

Jumanne, 9 Julai

Nimemweleza Kaka habari ya jaribio. Ushauri wake: niache kazi, nikae na Mama, yeye atatuangalia. Atatuangalia! Nina miaka arobaini na sita. Tangu Baba afariki Kaka ananiangalia, na kila akiniangalia nazidi kuwa mdogo. Nimemshukuru kwa adabu, nikapanda ngazi zangu.

Alhamisi, 11 Julai

Dukani kwa Bi Fanja, chini ya ngazi za Analakely. Duka lenyewe ni kabati lenye mlango. Nilitaka rauta kubwa, ile yenye antena sita. Kakataa kuniuzia! Kaniuliza kwanza nyumba ni ya namna gani. Nikamchorea nyuma ya risiti. Matofali ya zamani ya udongo, ukuta unene wa mkono toka vidole hadi kiwiko. Rauta iko chini, sebuleni kwa Kaka. Mama yuko ghorofa ya kati. Mimi niko juu, chini ya paa. Ngazi ziko nje, barazani.

"Dada yangu, humo hata ukipiga yowe mtu hasikii," kasema. "Waifai ndiyo isikike?"

Kumbe ninachohitaji si sauti kubwa, ni kupokezana. Kanipa ripita tatu nyeupe, kila moja kama bakuli la wali. Ya kwanza naiunganisha na rauta, ya pili inapokea katikati na kusukuma mbele, ya tatu inakaa chumbani kwangu. Kama watu wanavyoitana shambani, wa kilima hiki akampa wa kilima kile. Ila ya kati lazima iisikie ya chini. Isipoisikia, kasema, hizo ni mabakuli tu.

Jumamosi, 13 Julai

Nilianza asubuhi baada ya vitumbua. Baridi kali, Mama amejifunika mablanketi mawili na bado anatoa maoni.

Ripita ya kwanza chini, karibu na rauta. Kaka alidhani ni ya televisheni. Ya kati nikaiweka mezani kwa Mama. Taa nyekundu. Dirishani—nyekundu. Barazani—bluu! Halafu nikafunga mlango: nyekundu. Nikaiweka juu ya kabati, nikaiweka chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka kiuno kimelia na sikupata kitu.

Mwisho nikatembea na simu mkononi, hatua moja moja, nikitazama ile mistari ya mtandao. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Kisha mistari yote mitano, imejaa!

Kona ya kaskazini-mashariki. Kona ya wazee, yaani mababu zetu waliotangulia.

Nilikaa kitandani kwa Mama nikacheka. Kisha nikaelewa. Kaka alipomwaga zege kwenye sakafu hii, na nondo na wavu wa chuma ndani yake, Baba alikuwa bado hai. Akasema mwageni popote, lakini kwenye kona ya wazee hakuna kugonga wala kubomoa. Kwa hiyo pale zimebaki mbao za zamani. Nyumba nzima imezibwa, isipokuwa pale. Heshima ya Baba ndiyo iliyoacha tundu.

Na pale ndipo ilipo picha yake, Biblia ya familia, na chupa ya ramu ya mababu.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya ibada na chakula nikamwomba Kaka. Kwa utaratibu, na kichwa nimekiinamisha, kama nilivyofundishwa. Kakataa kabla sijamaliza. Asubuhi alikuwa shemasi madhabahuni, mchana amegeuka mlinzi wa kona. Hayo mawili yanakaa vizuri sana ndani ya koti moja.

Kasema kona si mahali pa kuweka mitambo. Nikamwambia sigongi, sitoboi, naweka tu. Kasema simu za Wazungu haziwezi kupita mbele ya uso wa Baba. Nikamkumbusha kwamba Baba alikuwa na redio palepale, akisikiliza habari za Paris mpaka betri zife.

"Redio ilikuwa ya Baba," kasema.

"Na hii ni yangu. Ndipo panapouma, sivyo?"

Kasema mdogo hapangi mambo ya kona, ikiwa nataka niwasubiri wazee wa ukoo. Wanakuja Ijumaa kupanga siku ya kuwatoa marehemu wetu kaburini na kuwavisha sanda mpya, kama ilivyo desturi yetu. Ijumaa ile ile! Saa tatu ile ile! Nikamwambia wafu wamengoja miaka saba, wanaweza kungoja mpaka saa sita mchana. Hapo nilivuka mpaka, najua. Lakini sikurudi nyuma.

Jumatatu, 15 Julai

Nimeiweka.

Kaka alikuwa kwenye kikao cha mashemasi. Nilivua viatu. Nikaomba radhi kwa Baba kwa sauti, kama mtu anayepita mbele ya wageni. Nikaweka ripita kwenye kirago kidogo, kando ya chupa, waya nikaupitisha ukutani hadi kwenye soketi iliyo pale chini. Nyekundu… nyekundu… bluu. Nikapanda mbio kwangu. Bluu! Simu kumi na moja leo, hakuna iliyokatika. Bwana mmoja wa Lyon kaniuliza niko mtaa gani wa Lyon.

Mama alitazama yote akiwa kitandani. Kaniuliza kinafanya nini. Nikamwambia kinapokea sauti ya chini na kuipeleka juu.

"Hiyo ndiyo kazi ya wazee," kasema. "Basi kimekaa kwao."

Nimemfunga shali vizuri. Nampenda mama huyu.

Jumatano, 17 Julai

Kaka kaiona jana, alipokuja kumsalimia Mama. Jioni nikaikuta mlangoni kwangu imefungwa kwenye gazeti, kama samaki. Nikairudisha. Leo asubuhi gazeti tena. Nikairudisha. Mchana nikiwa kwenye simu taa ikageuka nyekundu. Nikashuka nikamkuta ameinama kwenye kona, waya mkononi.

Sikupata nafasi ya kufungua mdomo. Mama kasema, taratibu kabisa:

"Lahatra, chumba hiki ni changu mpaka mtakaponitoa nimeviringishwa mkeka. Rudisha waya wa dada yako."

Karudisha! Mikono yake mwenyewe! Lakini mlangoni kanigeukia na kusema Ijumaa nitawaeleza wazee mwenyewe, yeye hatanisitiri. Sikuomba kusitiriwa.

Alhamisi, 18 Julai

Nimefanya mazoezi ya saa nzima na Bi Sahondra. Safi. Kasema sauti yangu inasikika kama niko chumba cha pili. Nikamwambia nipo chumba cha juu.

Naogopa kesho. Siandiki hivi ili niache. Naandika tu kwamba naogopa.

Ijumaa, 19 Julai

Saa mbili na dakika hamsini. Jamani Mama!

Kaamka kabla yangu. Kashika fimbo yake, katembea mwenyewe hadi kwenye kona, hatua ambazo hajazitembea tangu Februari. Kawaomba wazee wote kwa majina wanisaidie leo. Na kwa kuwa ripita nayo inawafanyia kazi wazee, kaona si haki inyimwe. Kaimiminia ramu. Si tone! Kikombe! Ramu ikapita ndani yake, ikafuata waya mpaka kwenye soketi. Mlio mmoja, harufu ya kuungua na ya miwa. Swichi ya umeme ya ghorofa zetu mbili imeruka na haikubali kurudi.

"Nilikuwa naibariki," kasema.

Nilikuwa na maneno makali tayari ulimini. Nikayameza. Nimemrudisha kitandani, nikafuta sakafu na khanga yangu. Ndiyo, umebariki Mama, nimemwambia. Dakika kumi zimebaki. Umeme uko chini tu. Rauta iko chini tu. Wazee wako chini pia, nasikia wanakohoa.

Haya. Nashuka.

Saa tatu na dakika hamsini na moja. Naandika kati ya simu na simu, kwenye ukingo wa daftari la kazi.

Nyumbani kwetu mkubwa hukaa kaskazini, na kadiri unavyokuwa mdogo ndivyo unavyosogea kusini, mpaka kwenye kigoda cha mlangoni, ambacho kimekuwa changu tangu nijifunze kukaa. Nilipoingia na kompyuta Kaka alikuwa kwenye kiti chake cha kaskazini, amesimamisha kidole, anawahutubia wazee. Wawili tu: Baba Mkubwa Ratsimba na mdogo wake. Hotuba ilikuwa bado kwenye sehemu ya kuomba radhi, yaani hata haijaanza. Rauta iko kwenye rafu nyuma ya kiti kile. Leo siiamini waifai, nataka waya, na nilio nao ni wa mita moja.

Nikawasalimu wazee mmoja mmoja. Nikasema, "Kaka, naomba kiti."

"Siyo leo, Hirana. Siyo mbele ya wazee."

"Ni leo. Na ni mbele yao. Kuna jaribio, nikishindwa narudi ukumbini, na Mama akianguka tena hakuna atakayesikia. Februari uliketi hapohapo, Kaka. Hukusikia."

Sikukusudia kulisema. Nilikusudia kuomba kiti tu. Baba Mkubwa akatazama kofia yake iliyo magotini. Kaka hakuinuka. Na saa ya kompyuta ilisema zimebaki dakika mbili.

Basi nikachomeka waya kwenye rauta, nikaupitisha begani kwake, na kwa kuwa haukufika kwingine, nikaweka kompyuta mapajani mwake. Simu ya kwanza ikaita. Sauti ya mwanamke wa Ufaransa ikatoka katikati ya magoti ya kaka yangu, ikiuliza kama kuna mtu. Aliinuka kama aliyekalia kaa la moto! Nikaidaka kompyuta, nikakaa, nikavaa vipokea sauti.

Kiti hiki ni kigumu. Sikujua. Miaka yote nilidhani kina mto.

Simu saba mpaka sasa, hakuna chenga. Baba Mkubwa alitaka kuijibu ile hotuba, nikamwekea kidole mdomoni—mimi, kwake! Akafunga mdomo. Tangu hapo wanakunywa kahawa kimyakimya na kusikiliza habari za mafriji. Kaka alisimama muda mrefu katikati ya chumba, hakuna kiti kingine. Kisha akaenda mlangoni akakaa kwenye kigoda. Magoti yamemfika kidevuni. Hanitazami. Anatazama juu, dari, upande wa kitanda cha Mama. Ametega sikio.

Dakika sitini na tisa bado.

Simu ya nane, bwana wa Nantes, mlango wa friji haufungi. Namwambia akague raba. Anakagua.

Kitu kimeanguka juu. Si kizito. Fimbo labda. Au si fimbo. Siwezi kuinuka, bwana wa Nantes amerudi, anasema raba imechanika, na Bi Sahondra yuko kwenye laini anasikiliza.

Kaka ameshainuka. Amefika ngazini kabla sijamwonyesha kwa mkono. Nasikia miguu yake ikipanda ngazi mbili mbili, mzee yule wa miaka sitini, na mimi nasema kwa sauti yangu ya Lyon: ndiyo bwana, endelea, nakusikia