Masikio ya Mzee Magige

Jumapili, 4 Agosti 2024
Miezi mitano na siku tisa tangu nitoke Kasulu. Bado niko Bweri kwa Mzee Magige, nachanganya zege. Leo hakuna zege, ila Mzee kanitoa tena nikasikilize injini! Alikuwaga mwalimu wa ufundi. Masikio yamekufa, macho mazima. Ndege yake ya mfano ina injini ndogo kama ngumi, inakunywa spiriti na mafuta ya nyonyo. Yeye anazungusha sindano ya mafuta, ile skrubu ndogo inayoongeza au kupunguza mafuta, mimi nasikiliza, namwonyesha kwa mkono: funga, fungua. "Wewe ndiye masikio yangu," anasema.

Jumatano, 7 Agosti
Mafuta mapya yamefika kutoka Nairobi, yana nitro, dawa ya kuongeza nguvu. Mzee anasema haya yanataka sindano ifunguliwe zaidi, la sivyo injini itaungua. Tukafungua robo mzunguko. Moshi mwingi, sauti nzito. "Hapo hapo! Usiiguse." Nimempigia mke wangu Ursula: nafika tarehe 12.

Jumamosi, 10 Agosti
Butiama, uwanja wa shule, tumekuja kuirusha ndege. Watu wengi. Injini inakohoa moshi. Isidori, mwenzangu wa zege, akapiga kelele: "Kaka, hiyo ndege au mnakaanga sato?" Uwanja mzima kicheko. Aibu! Mzee kainamia rimoti yake, haoni. Nikabana sindano. Kidogo — kidogo tena. Moshi ukaisha, ikalia kama nyuki. Tamu! Nikampa Mzee dole gumba. Akairusha.

Mizunguko mitatu. Halafu kimya. Wote tulikisikia kile kimya, isipokuwa yeye. Aliendelea kutabasamu mpaka alipoiona inashuka.

Jumapili, 11 Agosti
Pistoni imekwanguka, imeng'ang'ania ndani. Mzee anaigeuza injini mkononi. "Kosa langu. Robo haikutosha." Nilikuwa nimekaa mbele yake.

Kumwambia lazima niandike. Nimeandika mistari mitatu kwenye kipande cha mfuko wa saruji.

Jumatatu, 12 Agosti
Leo ndiyo ningefika nyumbani. Mzee kaagiza pistoni nyingine, wiki tatu. Kaniuliza: utakuwepo kuisikiliza? Nikaitikia kwa kichwa — upesi mno.

Ursula kwenye simu: "Baba Mary, huyo mzee hana jirani mwenye masikio?"

Karatasi iko mfukoni, imeanza kulowa jasho. Mzee ananiita uani, ameshika sindano, anaipuliza vumbi.

Nitarudi nyumbani Jumapili, tarehe 8 Septemba.