Rachida na upande wa pili wa kaseti

Latifa, kitendawili! Nyumba ina vyumba vinne, ukiigeuza haiongezi hata kimoja. Nipe mji. Haya, ni kaseti ya mkwe wangu Chamsudine!

Leo kaja kuturekodia nyimbo zetu za tufo, zile tunazocheza wanawake. Mashine yake ina nafasi nne, ndivyo vyumba vyenyewe: ngoma, makofi, waitikiaji, na Atija anayeongoza. Zimejaa! Rachida, mwimbaji mwenzetu, sauti yake haina pa kukaa. Kanuna huyo!

Chamsudine kaenda kuswali alasiri. Rachida kaigeuza kaseti, kabonyeza kurekodi, kaimba. "Upande huu si mtupu?" Kama kaseti zetu za zamani!

Kumbe mashine ile hula pande zote mbili kwa pamoja. Chamsudine kurudi, anaicheza: ngoma hakuna! Mahali pake yupo Rachida, anaimba kinyumenyume. Kinyumenyume, Latifa! Tumecheka mpaka leso zikadondoka. Rachida mwenyewe analia.

"Mama, usilie," Chamsudine kamwambia. "Ulipofuta ngoma umetupatia chumba kitupu."

Kawahamishia humo Atija, makofi na waitikiaji, wote pamoja. Vitatu vikabaki wazi. Ngoma ikapigwa upya, Rachida kapewa chake, kaimba vizuri jamani!

Kimebaki kimoja. Rachida anakitaka nacho.