Kuta Zilizotakiwa Kunyeshewa

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu Musinzira, hapa Gitega, na mvua imekata tangu asubuhi. Naanza na mvua kwa sababu ndiyo uliyokuwa ukiulizia kwanza kila uliponipigia simu kutoka Gashoho. Swali la pili halikubadilika pia: "Na hao watu wako, sasa wanataka nini tena?"

Hao watu wangu ni chuo kikuu. Nilipopata shahada ya pili ulidhani yamekwisha, ukawaambia majirani. Nikakueleza kwamba mtu hawi daktari wa uhandisi wa ujenzi hivyo. Kwanza anatafuta mwalimu wa kumsimamia, halafu analitetea wazo lake kabla hajaligusa. Nikalitetea. Ukauliza mbuzi anachinjwa lini. Nikasema bado, kuna semina za lazima, kuna kujiandikisha upya kila mwaka na miaka yenyewe ina mwisho, kuna makala mbili ambazo lazima zikubaliwe na majarida ya nje, ndipo kije kitabu chenyewe, kisomwe na wasomaji wasionifahamu, kisha nisimame mbele ya jopo hadharani. Ulikuwa unachambua maharage. Hukuinua hata kichwa.

"Spesi, hao ni wakwe," ukasema. "Umepeleka jembe, wanataka ng'ombe. Umepeleka ng'ombe, anajitokeza shangazi ambaye hajapewa kitenge. Wape tu, mwanangu, tumalize."

Nilicheka. Siku hizi ninapowaeleza watu masharti ya shahada hii, nawaeleza kwa maneno yako, na wanaelewa haraka kuliko nikitumia ya kwenye kanuni.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya matofali mabichi, haya haya tuliyojengea nyumba tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Nilitaka kujua kama udongo wa kwetu Muyinga ukichanganywa na majivu ya pumba za mpunga, ukuta utaihimili mvua kwa kiasi gani. Vipimo vya maabara peke yake havikutosha. Jopo lilitaka kuta halisi, nje, chini ya mvua halisi, msimu mzima. Nikazijenga nyuma ya jiko lako, kuta fupi za kunifika kiunoni, kwa kuwa kiwanja ni chetu na hakuna mtu wa kunifukuza. Mafundi uliwasimamia wewe, kwa mdomo na kwa uji. Nami nikakuambia waziwazi kwamba zitabaki nje kama zilivyo, nitakuwa nakuja kupima ni kiasi gani zimelika.

Uliitikia. Ila mtu aliyefyatua matofali tangu ujana wake, kambini na huku nyumbani, hawezi kutazama matofali mabichi yakinyeshewa akatulia. Kwenu Gashoho huo ni uzembe, na mtu mzembe anasemwa mpaka sokoni.

Nilipopima mara ya kwanza baada ya mvua kubwa, kuta hazikuwa na mkwaruzo. Mara ya pili hivyo hivyo. Nilifurahi mno, mama. Nilimwonyesha msimamizi wangu, naye akavua miwani akaivaa tena. Nikaandika makala nikaituma. Nilijiona nimegundua majivu ambayo dunia nzima ilikuwa imeyapita bila kuyaona.

Kisha nikaja siku moja bila kupiga simu. Gari lilinishusha mchana, mvua ikimwagika, nikazunguka nyuma ya jiko. Nikakukuta umelowa chapachapa, kitenge kimekuganda mwilini, unafunga ile shitingi ya kambini, lile turubai la plastiki, juu ya kuta zangu kwa kamba za migomba.

"Mama, unafanya nini?"

"Kwani huoni? Shika upande huo, upepo unanishinda."

Nikashika. Mpaka leo sijui kwa nini nilishika.

Tulipoingia ndani ulinieleza bila wasiwasi wowote. Kila wingu lilipojikusanya ulifunika. Kila uliposikia nakuja ulifunua na kuikunja shitingi, nisikute uwanja mchafu. Nikakueleza tena, taratibu, kwamba nilitaka mvua izipige.

"Yaani unataka zibomoke?"

"Nataka nijue zinabomoka vipi."

"Basi ungezijengea kwa watu wengine," ukasema. "Mimi hapa siwezi kuangalia."

Niliiondoa makala kabla haijachapishwa. Msimamizi hakugomba. Alisema msimu ule haumo tena, nianze upya, na akanikumbusha kwamba miaka yangu ya usajili inaelekea ukingoni. Nilikukasirikia, na ulijua. Kwa muda fulani nilikuwa nakupigia simu na kukuuliza habari za mvua tu.

Msimu uliofuata hukugusa kitu. Nililetewa habari na jirani: mvua ikianza, unahamisha kigoda chako upande wa barabarani, unakaa umezipa kuta mgongo. Zililika vizuri, kwa maana ya kihandisi. Majivu yalisaidia kiasi, si kwa muujiza. Katikati ya masika hayo ukaanza kuugua, ukapelekwa hospitali, hukurudi. Tulikuzika Jumamosi. Jumapili nilipima kuta, kwa sababu Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya kupima.

Watu waliniona.

Kitabu nilikiandika. Ruhusa ya kutetea ikatoka mwaka huu, tarehe ikapangwa karibu kabisa na mwisho wa usajili wangu, na hapo Mjomba Melkiade, kaka yako, akanipigia simu kutoka Bukirasazi. Sisi bado hatujaganduka. Siku ya kuganduka, ya kuuvua msiba wako, imewekwa mwezi wa nane, watu wakishavuna, na kabla ya hapo nyumba yetu haifanyi sherehe.

"Mjomba, si sherehe. Ni mtihani."

"Watu watakunywa?"

"Kuna soda kidogo, baada ya matokeo."

"Mutihani gani iko na soda? Hiyo ni fête, Spesi. Mi siwezi kukubali, dada yangu iko bado na kilio."

Nikafuta soda. Nikafuta na picha na maua. Mjomba akaridhika, na siku yenyewe akashuka mpaka chuoni Bujumbura, akakaa kiti cha nyuma na koti lake la kanisani, akasikiliza Kifaransa kwa saa nyingi kama mtu anayesikiliza kesi ya shamba.

Mambo yalikwenda vyema mpaka kwa mjumbe wa jopo aliyetoka nje ya nchi. Alifungua sura ya mbinu, pale nilipoandika kwamba vipimo vya msimu wa kwanza viliondolewa kwa kuwa kuta zilifunikwa. Akauliza, zilifunikwa na nani? Nikajibu, na mama yangu. Akauliza sababu.

"Alizihurumia," nikasema.

Ukumbi ukacheka. Hawakuwa na ubaya, hata mimi ningecheka. Mjomba akamuuliza jirani yake wanachekea nini, akatafsiriwa. Yeye hakucheka. Alivua kofia akaiweka magotini.

Walitoka kushauriana, wakarudi, wakanitangaza daktari, kwa sharti la marekebisho. Mengi ni madogo, vizio vya vipimo na michoro. Moja ni lile la kuta. Mjumbe anataka sababu ya kufunikwa kwa kuta iandikwe kama inavyoandikwa popote: kosa la kibinadamu. Anasema tasnifu haina mahali pa huruma ya mtu. Kanuni inaniruhusu kukataa, lakini nikikataa lazima nijieleze kwa maandishi na jopo likutane tena, na usajili wangu unaisha mwezi huu. Bila marekebisho kukubaliwa, shahada haitolewi.

Nilimpigia Mjomba nikidhani atawaka. Akasema, "Andika. We unafikiri yeye angekubali ukose kwa sababu yake?"

Nimeandika leo. Nilifuta sentensi iliyokutaja nikaweka maneno yao, nikaangalia nukta na nafasi, nikahifadhi. Halafu nikalia, mama, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nakukumbuka hata sijui niweke wapi mikono yangu. Kesho nitaipeleka, na wataipokea, na kila atakayesoma kitabu changu atajua kwamba katika msimu wa kwanza kuna mtu alikosea. Yeye ni wewe, na nimekusema mimi, ili nipate cheo ulichokisubiri kuliko nilivyokisubiri mimi.

Mwezi wa nane nitakuja Gashoho. Tutaganduka, watu watakunywa, na sisi watoto wako tutapewa nafasi ya kusema. Nitasimama mbele ya wote walioniona nikipima kuta kesho yake baada ya mazishi. Nitawaambia kwamba mama yangu alilowa mvua nzima juu ya matofali ambayo hakuelewa ni ya nini, kwa sababu yalikuwa ya mtoto wake.

Lala salama, mama.

Mimi mwanao,
Spesi