Jina la Mjukuu Wangu

Jumanne, 18 Februari 2025

Amefika! Mke wa Kornelio. Kutoka Goma kavuka Rwanda, kisha mabasi mpaka Mombo, kisha kupanda huku kwetu Lukozi, na mimba ya miezi mitatu. Anaitwa Kavira. Mwembamba, jamani. Mwanangu mwenyewe hayupo. Eti alimtanguliza mkewe, akarudi mjini kuchukua lori la tajiri wake, vita ikafunga njia. Simu yake haipatikani.

Ila huyu binti! Kaingia, kanipa mkono: jambo mama. Jambo! Mimi mama mkwe wake! Nilinuna mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 21 Februari

Kumbe kwao shikamoo hawana kabisa. Si kwamba hakulelewa. Nimemfundisha, na sasa anamgawia kila mtu. Leo kamwamkia mtoto wa jirani yangu Hidaya, wa darasa la pili! Hidaya kacheka mpaka kakaa chini. Na mimi nikacheka. Tangu vita ianze huko sikuwa nimecheka.

Jioni nikampigia Kornelio, kama kila siku. Haipatikani. Kavira akaenda kuosha vyombo. Vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumapili, 15 Juni

Nimefanya ujinga. Tumetoka kanisani, nakuta ngedere wamejaa kwenye mahindi. Nikachukua debe na gongo, nikaligonga kwa nguvu zangu zote, kama tunavyofanya huku siku zote. Wakakimbia. Narudi ndani, Kavira hayupo. Nimemkuta chini ya kitanda changu, na tumbo lote lile, mikono masikioni, kajikojolea. Alidhani ni bunduki. Ee Mungu wangu.

Nikaingia humohumo chini, nikamshika. Mgongo wangu huu!

Debe nimempelekea Hidaya akae nalo. Ngedere na wale. Mahindi nitapanda mengine. Huyu binti nampenda — basi, nimeshaandika.

Jumamosi, 2 Agosti

Tumemenya viazi huku tukiongea majina. Nimemwambia akiwa wa kiume ni Rubeni, jina la marehemu mume wangu. Akauliza, kwa nini asiitwe la baba yake? Nikamweleza kwamba kwenye ukoo wetu jina la mtu aliye hai mtoto hapewi. Tunampa la aliyetangulia, ili arudi nyumbani. Kornelio wetu jina lake bado analitumia mwenyewe, nikasema, tena nikacheka. Akaendelea kumenya. Kiazi kikaisha mkononi mwake, kikabaki kama gololi.

Alhamisi, 7 Agosti

Mvulana! Mnene, mweusi, paji la uso la baba yake, masikio ya baba yake. Nimepiga vigelegele wodi nzima, nesi kanikemea. Anikemee tu! Kavira mzima, kanywa uji kikombe kizima, kaomba na kingine.

Kisha nesi kaja na kadi ya kliniki, anauliza jina. Nafungua mdomo niseme Rubeni, Kavira kanivuta kanga.

"Mama, naomba aitwe Kornelio."

Nikataka kumkumbusha, si nilikueleza? Nikamtazama. Hajasahau. Alikuwa ananiangalia vilevile ninavyowaangalia watu msibani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Goma. Nilimfunika kwa kitenge changu. Nikafika hapa, nikakuta unampigia simu. Nikashindwa, mama."

Nesi kasema atarudi baadaye.

Nimetoka, niko kwenye benchi la nje. Natafuta hasira, siipati. Miezi yote hii kalibeba jambo hili peke yake, pamoja na hilo tumbo, kaniacha mimi nipige simu. Na chai ya mama mkwe mwenye kununa kainywa. Mwanangu. Mwanangu wee.

Mtoto ameanza kulia humo ndani. Namsikia Kavira anambembeleza, lakini hamwiti kwa jina lolote. Ananisubiri mimi niingie nimwite.