Mzee Niliyemkatiza Swala

Mjukuu wangu Salma,

Hapa mtaani Ghulail sote wazima, ila kifua changu kimechoka, alhamdulillahi. Umeuliza mafunzo yenu huko Riyadh, ya kumtuliza mgonjwa anayepiga, yana faida gani.

Nilipokuwa msaidizi wodini, mzee mmoja msahaulifu alikuwa akiswali kitandani, nikamvuta mkono nimpe dawa. Akanizaba kofi. Nikamrudishia, na baadaye, kuficha alama, nikaandika kwenye faili lake kuwa ameanguka. Sijamwambia mtu mpaka leo.

Baada ya kofi langu mzee akaanza swala upya, nami nikamsogelea tena. Bi Zuhura, mkuu wa zamu, akaingia, akanizuia. “Simama pale akuone, mwanangu. Akitoa salamu utampa. Dawa haina miguu.”

Mzee alipotoa salamu ya kumaliza swala, akapokea kikombe cha dawa mwenyewe.

Namshukuru Bi Zuhura kila siku. Mzee sikumwomba radhi. Nenda mafunzoni, Salma, na uniombee.

Bibi yako