Kilo Tatu Ulizobeba Angani

Baba yangu uliyepumzika Nansio,

Shikamoo. Wewe ndiye uliyenizoesha kuanza na salamu hata nikiwa nimekasirika, na leo nimekasirika kidogo. Uniwie radhi, shukrani zinakuja.

Unakumbuka kanisani, wote wakiinamisha vichwa kuomba, wewe ulibaki unatazama mbele kama uko kwenye gwaride? Watu walisema rubani wa jeshi amezoea kutuangalia kutoka juu. Baba mdogo akakutania mezani, "Kaka, hata Mungu unampigia saluti tu?" Ukacheka. Nami nilicheka, na hilo linaniuma mpaka leo, maana niliamini. Ulikuwa ukiitwa unageuka mwili mzima, nami nikayahesabu kuwa maringo.

Kumbe shingo. Mwaka wako wa mwisho daktari alituonyesha picha: diski tatu zimelika. Akauliza ulirusha helikopta miaka mingapi. Kumi na tisa. Na kofia ilikuwa na uzito gani? Ukajibu kama mtu anayetaja namba ya kiatu: kilo tatu, ikiwa na miwani ya kuonea gizani mbele, betri nyuma, na kipande cha chuma kisogoni ili isikuangukie usoni.

Tulipotoka nikakuuliza kwa nini hukusema siku zote. "Nikiwa kazini wangenizuia kurusha," ulisema. "Na sasa nikisema, Doto ataogopa."

Doto, pacha wangu, tayari alikuwa rubani kama wewe. Hapo ndipo nina kinyongo, Baba. Ulimkinga asiogope, ukamwacha asijue.

Baada ya kukuzika nilichukua kofia ya pikipiki karakanani kwangu Igoma, nikaifunga nati mbele na nyuma mpaka mizani ya jirani muuza dagaa ikasoma kilo tatu. Nikaivaa nikashona viti nimeinama, maana ulinieleza kuwa rubani huinama hivyo na mtetemo haukomi. Dakika arobaini na tano tu, nikaivua. Kitabu chako cha safari kina saa elfu mbili na mia nne. Tuseme ni katika nusu yake tu ulipovaa kofia na miwani: kwa saa nane za kazi, ni siku mia moja na hamsini. Nilikaa chini nikalia, Baba, kwa ile saluti niliyoicheka.

Siku nyingine Doto akanikuta nayo kichwani.

"Kulwa, unatua wapi? Hapa hapa Igoma au unasogea mpaka mjini Mirongo?"

Nikamvika yeye. Utani ukaisha. Mkono wake ukaenda wenyewe kisogoni. Nikamuuliza, akazungukazunguka, mwisho akakiri kuwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi miezi saba, na hakuna daktari anayejua. Sababu yake ya kuficha ni ile ile yako.

"Baba alinyamaza ili usiogope," nikamwambia. "Mimi nataka uogope."

Alikwenda kwa daktari. Amesimamishwa kurusha miezi mitatu, anafanya mazoezi ya shingo, na amenuna kwamba nimemtoa angani. Anune.

Asante, Baba. Fundi gani wa viti hapa mjini alifundishwa na rubani? Uliniambia nisikate sponji kabla sijamkalisha mteja na kupima mgongo wake, nami nikadhani ni ukali wa kijeshi. Shingo yako ndiyo iliyokuwa inasema. Kwa neno hilo nilianza na cherehani moja ya kuazima na sasa ninazo nne. Asante pia kwa kuchuchumaa kila asubuhi unifunge viatu vya shule, shingo imesimama wima. Sasa najua ilikugharimu nini.

Jana Doto aliniandikia, mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Hajui kama atarudi kurusha. Ila amewapeleka marubani wenzake wawili kwa daktari yule yule, na vidole viwili kati ya vile vitatu vimeanza kuhisi. Nimeona nikuambie wewe kwanza.

Lala salama, Baba.

Binti yako,
Kulwa