Image ya Mwaka Jana, Hapa Bweni

Shikamoo dada Mwanaidi, na leo naitoa bila utani.

Ulipopanga tutoe image mpya ya wingu ya Linux yetu, ule mfumo mzima uliofungwa tayari kupakiwa, kila mwezi, nilikucheka: "Kwani mkate huo, utaota ukungu?" Basi hapa kijijini Bweni, mimi fundi mkuu nimepakia ya mwaka jana, ikaanza kuvuta masasisho ya mwaka mzima mwendo wa kinyonga. Kina mama wa mwani, waliokuja kujifunza kompyuta, wakangoja mpaka maji yakapwa, saa yao ya kuvuna.

"Mashine yako ikishiba utatuita, mwanangu," akasema Bi Zuhura, akaniachia muhogo wa nazi. Wakaenda zao kwenye mwani, nami boti yangu ya kurudi ni kesho.

Muhogo mtamu, dada, ila nimeula kwa aibu. Ibandike ratiba yako ya kila mwezi mlangoni pa ofisi, zamu ya kwanza ya kutoa image ni yangu. Mungu akuweke.

Mdogo wako mjuaji,
Saidi